Jinsi ya kujifunza kwa wabunifu wa michoro bila kuiba kazi zao

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka ya uchapaji jijini Dar es Salaam, kazi huja na haraka yake. Mteja mmoja anataka nembo ya duka lake kesho asubuhi. Mwingine anataka kadi za mchango wa harusi kabla ya kikao cha Jumapili. Mbunifu aliyeishiwa mawazo hufungua intaneti, huchukua mchoro wa mtu mwingine, hubadili rangi na jina, kisha hupokea ujira wake.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda michoro kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Mteja aliyekwisha kuchapisha mabango, mifuko na sare anaweza kujikuta akidaiwa na mwenye mchoro, ilhali hakujua kwamba ameuziwa mali ya mwingine.

Hata hivyo, sheria hiyo haimkatazi mtu kujifunza. Inacholinda ni mchoro wenyewe, si wazo wala mbinu iliyotumika kuuchora. Hivyo basi, anayetafuta msukumo katika kazi za waliomtangulia asitazame tu kilichochorwa, bali aulize kimechorwaje na kwa nini.

Mfano ulio karibu zaidi ni kanga. Vazi hilo lina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yake. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana kwa kanga zenye maandishi “Mali ya Abdulla”. Mpangilio ni ule ule, lakini kila kanga mpya huja na maua, rangi na maneno yake. Mbunifu wa kadi ya harusi anaweza kujifunza hapo kwamba pindo huifunga kazi, na kwamba rangi chache hutosha, bila kunakili kanga ya mtu yeyote.

Mfano wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia rangi zinazong’aa, za aina inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Mara nyingi alichora mnyama mmoja mkubwa mbele ya eneo lisilo na mambo mengi, kiasi kwamba jicho halikuwa na pengine pa kwenda. Alifariki dunia mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza mbinu hiyo. Baadhi yao waliongeza maisha ya vijijini, masoko na hospitali, mambo waliyoyaona wenyewe. Walirithi mkono wake, wakatumia macho yao.

Aidha, wachora katuni wana somo lao. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na magazeti ya Nation ya Nairobi mwaka 1992, huweza kumtambulisha kiongozi kwa umbo la uso tu. Katuni ya gazeti husomwa kwa sekunde chache, kwa hiyo kisichohitajika huondolewa. Nembo nayo husomwa hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa kazi hii anaweza kuanza kwa njia rahisi. Achague kazi moja anayoipenda na kuichora upya kwa penseli, kwa mazoezi tu. Kisha aandike mambo matatu: jicho linaanzia wapi, rangi ni ngapi, na mchoraji ameacha nini. Baada ya hapo aifiche kazi hiyo, ndipo aanze kumchorea mteja wake.

Akimaliza, aziweke kazi zote mbili pamoja. Iwapo mwenye ile ya kwanza angeweza kuitambua mali yake, kazi irudiwe upya.

Wateja nao wana wajibu. Anayeagiza nembo aombe kuonyeshwa rasimu za mwanzo. Mbunifu aliyeumiza kichwa huwa na karatasi zenye makosa; aliyenakili huja na mchoro mmoja tu, uliokamilika.