Dola ya nani? Mambo ya kujua mbele ya kulipa abonema ya inje



Sisi watu wa Lubumbashi tunajisifu kwamba tunajua pesa. Mtoto wa miaka kumi ukimtuma dukani na dola tano, anarudi na franka zenye kubakia, na hesabu iko sawa. Mwenye kuuza mali ya Kasumbalesa anageuza dola, franka na kwacha kichwani, bila karatasi. Tangu miaka ya 90, wakati zaïre ilianguka, dola ya Marekani imekuwa pesa ya nyumbani: njo tunalipa nayo nyumba, masomo, hata mahari. Basi nilifikiri mambo ya sarafu hayawezi kunishinda. Kumbe alama moja ndogo ilinishinda.

Nilikuwa namaliza kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilihitaji programu ya takwimu yenye kuuzwa kwa abonema, ni kusema unalipa kila mwezi, na usipolipa inafungwa. Siku za kuijaribu bure ziliisha, na jedwali zangu zote zilikuwa mule ndani. Mwalimu mwenye kuongoza kazi yangu alitaka kuziona mbele ya siku ya posho.

Kwenye simu ya rafiki niliona bei: 20 kwa mwezi, na alama ya dola. Nikaenda kwa mama. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika juma lile. Nikamwambia, "Mama, ni dola makumi mbili tu, haizidi." Wakati ule dola 1 ilikuwa karibu franka 2.800, akanihesabia franka 56.000. Nikaziweka kwenye karte yangu ya dola, nikalipa. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Mara ya tatu, vilevile. Nikaangalia karte: dola 20 zimekuwa 18,50. Karte yangu inakata kitu kidogo kila mara malipo yanapokataliwa, na mimi sikusoma ile karatasi yao.

Nikarudi kwa mama kumuomba zaidi ya franka elfu kumi na moja. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ulisema dola makumi mbili. Sasa hii yenye kuongezeka ni ya nani?" Nikaona kwenye macho yake kwamba anafikiri nimekula pesa. Wandugu, ile ndiyo iliniumiza, si ile dola moja na nusu.

Usiku nikafungua ukurasa wa kulipia, nikasoma polepole. Ilikuwa 20, ndiyo, lakini 20 za euro. Makampuni mengi ya inje yanaweka namba moja kwa sarafu mbili: Marekani wanaandika dola 20, Ulaya wanaandika euro 20. Namba haikubadilika, alama njo ilibadilika. Mimi niliangalia namba.

Tufanye hesabu pamoja, na namba za mviringo. Tuseme euro 1 ni dola 1,10. Euro 20 ni dola 22. Banki inaongeza gharama yake ya kubadilisha pesa ya kigeni, tuseme asilimia 3: inafika dola 22,66. Kwa franka 2.800, ni franka 63.448. Mimi nilikuwa na 56.000. Pesa ilibadilishwa mara mbili, kutoka franka kwenda dola, kisha kutoka dola kwenda euro, na kila mlango unakula kidogo.

Kwa hiyo kwenye malipo ya inje hakuna sarafu moja. Kuko tatu: ile unayoona kwenye tangazo, ile muuzaji anakata, na ile iko ndani ya karte yako. Zikiwa moja, lala usingizi. Zikiachana, hapo njo pesa inapotea.

Sasa, mambo manne nimejifunza.

Kwanza, alama si jina. Kwetu $ ni Marekani tu, hakuna nyingine. Lakini Kanada wanaandika $, Australia wanaandika $, na inchi zingine mingi. Tafuta zile herufi tatu: USD ni dola ya Marekani, CAD ya Kanada, AUD ya Australia, EUR ni euro, CDF ni franka yetu. Herufi tatu hazidanganyi. Kama huzioni, usilipe bado, fungua ukurasa wa mwisho mahali wanaandika jumla.

Pili, Kongo ziko mbili. Rafiki yangu mmoja alichagua "Congo" kwenye orodha ya inchi, bei ikatokea kwa FCFA. Akafikiri ni FC yetu, akafurahi sana juu bei ilionekana ndogo ajabu. Ile ilikuwa pesa ya Brazzaville, yenye kufungwa kwa euro: euro 1 ni FCFA 655,957. Franka moja yao ina nguvu kuliko moja yetu mara kadhaa. Tena, karte yake ilitoka banki ya hapa, na inchi aliyoandika haikulingana na inchi ya karte, ikakataliwa. Inchi yetu kwenye orodha mara nyingi iko na maneno ya "Democratic Republic", alama yake ni CD, na simu ni +243. CG na +242 ni majirani.

Tatu, soma nukta na koma, kisha soma maneno madogo. Sisi tulisoma kwa Kifaransa: koma inatenga senti. Kwa Kiingereza ni kinyume, 1,200 ni elfu moja na mia mbili. Na chini ya bei ya mwezi kunaweza kuandikwa kwamba utalipa mwaka muzima kwa mara moja. Unaona 8 kwa mwezi, karte inaombwa 96.

Ine, angalia wanapokupa ruhusa ya kuchagua sarafu. Kama karte yako ni ya dola ya Marekani na muuzaji ana bei yake mwenyewe ya USD, mara nyingi hiyo njo rahisi, juu hakuna kubadilisha. Lakini kama bei yake ni ya euro na yeye anajitolea kukubadilishia pale pale, linganisha mbele ya kukubali. Mara nyingi anaweka bei yake ya kubadilisha, na faida ni yake. Ni kama kambisti mwenye kukupokea kwenye mlango wa parking: hakuna mwenye kukukataza, lakini uliza na wa mbele.

Neno la mwisho kuhusu karte. Weka zaidi kidogo kuliko bei, lakini si pesa yako yote. Abonema inajirudia yenyewe kila mwezi, nawe umeisahau. Siku umemaliza kazi, ifunge siku ile ile, uchunge na ujumbe wenye kuonyesha kwamba umeifunga.

Mimi nilipata zile franka kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu siku mbili. Nikalipa siku ya tano usiku, na jedwali zikafika kwa mwalimu siku ya posho asubuhi. Kisha nikakaa na mama, nikamuonyesha ukurasa wa kulipia na karatasi ya hesabu. Mama hakusoma sana, lakini pesa anaijua kuliko mimi. Akaangalia ile alama ya euro, akasema: "Kumbe hukuniuliza pesa ya inchi gani. Mie ku soko, mutu akinitajia bei, njo kitu ya kwanza ninauliza."

Wandugu, tuko na diploma, na mama wa soko ananipita kwa swali moja. Mbele ya kubonyeza, uliza kama yeye: dola ya nani?