Chombo Kipya Darasani na Sauti ya Mtoto Mmoja

Ndugu wasomaji, wazazi na walezi wa Kiislamu, nataka kuwahadithieni jambo lililotokea hapa kwetu Iramba, mkoani Singida, ambalo limenifundisha mimi, mwalimu wa madrasa kwa zaidi ya miaka ishirini, somo nisilolitarajia, tena kutoka kwa binti aliye sawa na wanangu kwa umri.

Katika wilaya yetu ndipo kilipo Chuo cha Ualimu Kinampanda, basi si jambo geni kwetu kuwaona vijana wanaojifunza ualimu wakija kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi. Binti mmoja katika vijana wa namna hiyo alipangiwa shule iliyo karibu na madrasa yangu. Jina lake silitaji, wala jina la shule. Kila siku baada ya Alasiri alikuwa akija kumsaidia mke wangu kuwasomesha watoto wa kike. Siku moja akaniambia: "Sheikh, tumepewa kazi ya kuchunguza jinsi vyombo vya kisasa viwezavyo kusaidia masomo darasani, nami sijui nianzie wapi."

Shuleni aliazimwa kishikwambi, kimoja katika vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kisha Serikali ikawagawia walimu. Akaingia darasa la pili, lenye watoto zaidi ya 80, akawaonyesha picha zinazotembea na kuimba herufi. Watoto walifurahi mno. Wa mbele waliona, wa nyuma walisikia tu, na wote waliimba. Siku ya nne akawaambia waandike silabi zile zile katika madaftari. Wimbo walikuwa wanaujua wote. Silabi hawakuzijua ila wachache. Akaja kwetu amejiinamia, kwani baada ya majuma mawili mkufunzi wake angekuja kumkagua, na matokeo ya ukaguzi huo yangeingia katika cheti chake.

Nikamwambia: "Mwanangu, kirudishe chombo hicho, ushike chaki." Nakiri kwamba moyoni nalifurahi, maana siku zote nalikuwa nikiamini kuwa mambo hayo ni mchezo.

Lakini hakukirudisha. Aliacha zile picha, akakitumia kwa kazi nyingine: kurekodi sauti. Kila asubuhi aliwaita watoto wachache, mmoja mmoja, pembeni mwa darasa, kila mmoja akasoma mistari michache ya kitabu chake. Kisha akamsikilizisha mtoto sauti yake mwenyewe. Akanieleza kwamba wengi, kabla hajasema neno, walijikamata wenyewe wakasema, "Mwalimu, hapa nimekosea." Na usiku yeye alisikiliza tena, akaandika katika daftari ni nani anayekwama katika "nga" na nani katika "mwa". Kazi hiyo haikuhitaji intaneti, bali chaji tu, na subira.

Usiku mmoja baada ya Isha akaja na kishikwambi mkononi, akasema: "Sheikh, naomba usikilize." Nikasikia mtoto wa kiume akisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Nikasema, "Mashaallah." Akanijibu kwa upole: "Ukurasa huo sio niliomfungulia. Nilimfungulia mwingine, naye akasoma ule anaoukumbuka."

Ndugu zangu, mtoto yule nalimjua. Alikuwa ni wa madrasa yangu, naye nalimkhitimisha Juzuu Amma mwezi wa Shaabani. Baba yake alichinja mbuzi, akanivika kanzu mpya mbele ya watu.

Kesho yake nikamwita peke yake, nikamfungulia Sura An-Naba, nikaweka kidole katikati ya ukurasa, nikamwambia, "Anzia hapa." Akaanza tangu mwanzo wa sura. Nikamzuia, nikaweka kidole mahali pengine. Akanitazama, na machozi yakamlengalenga. Hakuwa anasoma. Alikuwa amebebwa na sauti za wenzake miaka miwili, nami naliridhika na mngurumo wa darasa zima nisisikie kuwa ndani yake mna mtoto aliyepotea. Nikawapima wote namna ile ile, nikawaona wengine 10 walio kama yeye.

Nikaenda kwa baba yake. Nikamwambia: "Kosa ni langu, si la mtoto." Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema: "Basi mwanzishe upya, Mwalimu. Ila umwambie wewe mwenyewe, asije akadhani mimi ndiye niliyemwaibisha." Nikamwambia mtoto, na baba yake akiwapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari kwa nini chombo kile kile kilishindwa mara ya kwanza kikafaa mara ya pili. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili katika nchi yetu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Redio peke yake isingechimba choo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu chake. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe. Na katika miaka ya karibuni, baina ya 2017 na 2019, watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, katika shindano la kimataifa liitwalo XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamepata kuingia shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hayo si madogo, wala haifai kuyadharau. Lakini angalieni: kila mtoto alikuwa na chake, naye alitakiwa ajibu kwa kidole chake mwenyewe. Hakukaa nyuma ya wenzake 80 akaimba.

Basi swali si kama chombo ni kipya au ni cha zamani. Swali ni hili: je, chamfanya kila mtoto atende, na mwalimu amsikie? Ubao wetu wa mbao na wino ulifanya hivyo, maana kila mtoto alishika wake, akausoma mbele ya mwalimu. Na sisi tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akidarisiana Qur'ani na Jibrili kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho mara mbili. Ikiwa yeye alisikilizwa, mtoto wetu ataachwaje asisikilizwe?

Nawausia wazazi. Usiridhike na mtoto aimbaye pamoja na wenzake. Mfungulie ukurasa uuchague wewe, weka kidole katikati, umwambie asome. Ukiwa na simu, irekodi sauti yake, msikilize pamoja, kisha uifute. Sauti ya mtoto ni amana, haifai kusambazwa kwa watu. Wala usimpe simu ili anyamaze upate nafasi ya kupumzika, kwani hiyo si elimu. Na walimu wenzangu wa madrasa, tusione haya kujifunza kwa vijana.

Binti yule alikaguliwa siku yake ilipofika. Mkufunzi alimwomba daftari lile la makosa ya watoto, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akampasisha. Na kijana wangu sasa yumo katika aya ya saba ya An-Naba. Anakwenda polepole, herufi kwa herufi, na kila nikiweka kidole, husoma pale pale nilipokiweka.

Wabillahi tawfiq.