Mimba ya Kwanza na Hofu ya Mtoto Mkubwa

Huko Bangwe, mahali wanapoanika dagaa, hukumu nzito hutolewa kila mara na watu wasio na kipimo mkononi. Binti mwenye mimba ya kwanza hupita na tumbo lake, na mara husikika sauti: "Mtoto huyu ni mkubwa, hatoki bila kisu." Mwingine hudakia kwamba dawa yake ni kumpunguzia chakula, ili mtoto abaki mdogo apate kupita. Binti hurudi nyumbani na mizigo miwili, mimba na hofu. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na tumeona ni wajibu wetu kuyajadili hadharani, kwa sababu yamechanganya ukweli na makosa, na makosa yenyewe ni ya kuua.

Tuanze na ukweli. Watoto wengi huzaliwa na uzito wa kati ya kilo 2.5 na 4. Anayezidi kilo 4 huhesabiwa kuwa mkubwa, na kadiri uzito unavyopanda ndivyo unavyozidi uwezekano wa uchungu kuwa mrefu, mama kuchanika, damu kumtoka nyingi baada ya kuzaa, au kupasuliwa. Kwa mwenye mimba ya kwanza jambo hili lina uzito zaidi. Mama aliyekwisha kuzaa salama mtoto wa kilo tatu na nusu anao ushahidi juu ya nyonga yake. Huyu wa kwanza hana.

Lakini mizani si hakimu. Nyonga ni njia ya mfupa, na kinachotangulia kupita humo aghalabu ni kichwa. Mifupa ya fuvu la mtoto bado haijashikana. Husogeleana na kupandana kidogo ili kichwa kipungue. Mtoto wa kilo 4 aliyeinamisha kidevu kifuani huweza kupita vizuri, na wa kilo 3 aliyeinua uso akakwama. Fauka ya hayo, uzito huo huwa haujulikani kwa hakika kabla hajazaliwa. Mkono wa mkunga hukadiria, utepe hukadiria, na hata altrasaundi hukadiria tu. Kukosea kwa sehemu moja ya kumi ni jambo la kawaida. Anayeambiwa kilo 4 huenda akazaa mtoto wa kilo 3.6, au wa 4.4.

Yapo mambo ambayo kliniki inaweza kuyatambua mapema. Mama mwenye kimo cha chini ya sentimita 150 hushauriwa akajifungulie hospitali. Mwenye kisukari huangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa sukari iliyozidi katika damu yake humfikia mtoto na kumnenepesha mabegani, hata kichwa kikatoka na bega likakwama. Huyo ndiye ambaye madaktari humfikiria upasuaji mapema, mtoto anapokadiriwa kufika kilo 4.5. Kwa waliobaki, jibu hupatikana katika uchungu wenyewe.

Na kwa kupima uchungu, Afrika ilitoa somo kubwa. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake wa mimba ya kwanza. Walichora kwenye karatasi jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka saa baada ya saa, wakaweka mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Mkunga wa zahanati ya mbali, akiona alama zake zimeuvuka mstari wa kwanza, alijua kwamba huo ni wakati wa kumsafirisha mama, angali na nguvu. Karatasi hiyo ndiyo patografu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya usiomlazimisha tena kila mwanamke kwenda mwendo wa sentimita moja kwa saa, lakini kazi ya kupima na kuandika imebaki pale pale.

Uchungu pingamizi usipotambuliwa, mtoto hufa. Mama naye huweza kufa, au akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kizuizi kwa sababu kichwa kilimkandamiza siku nzima au zaidi. Kwa hiyo kumnyima mjamzito chakula hakuondoi hatari hii. Nyonga haipanuki kwa njaa. Mama hubaki dhaifu na mwenye upungufu wa damu, akiingia uzazini bila akiba.

Kisu nacho hakistahili kuogopwa wala kukimbiliwa. Mpasuo wa kwanza huacha kovu, na kovu hilo hufuatana na kila mimba itakayokuja, kwa hatari ya kizazi kupasuka au kondo la nyuma kung'ang'ania mahali pabaya. Katika mkoa wetu, ambako familia nyingi hupenda watoto wengi, hesabu hiyo si ndogo. Wala wasitokee wa kutuambia kwamba kupasua ni jambo la kigeni. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga akimpasua mwanamke wa miaka ishirini hivi, mwenye mimba ya kwanza, kwa kutumia pombe ya ndizi kumlevya na kuoshea mikono. Jeraha lilifungwa kwa misumari myembamba ya chuma, na siku ya kumi na moja lilikuwa limepona.

Hapa Kigoma tunayo historia yetu wenyewe. Katika Hospitali ya Mkoa, Maweni, Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walichunguza vifo vya wazazi, kisha wakarekebisha mambo 22, hasa kwa vitu vilivyokuwepo hapa hapa. Vifo vilishuka kutoka 933 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Taarifa hiyo, aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström, ilichapishwa mwaka 1995 na kusomwa duniani kote. Tunashangaa kwamba watu wa Bangwe wanaoijua historia ya meli ya Liemba kwa kinaganaga hawaijui hii.

Tuna neno pia kwa wanaume. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa, na wengi huwa ziwani. Tumepata kushuhudia ndugu wakikaa nje ya wodi wakisubiri mume arudi na mtumbwi ndipo mkewe apasuliwe, na saa zikapita. Mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake hutoa ridhaa ya mwili wake mwenyewe. Mume anachotakiwa kuacha nyumbani kabla ya kuwasha taa zake ni nauli ya bajaji, jina la jirani atakayemsindikiza mkewe, na ndugu wawili waliokwisha kuandaliwa kutoa damu ikihitajika. Haya hupangwa mwezi wa nane wa mimba, mchana, watu wakiwa wametulia.