Unyoya Alioambiwa Asiuokote

Kila tulipokwenda Pangani likizo, mjomba alitusimulia hadithi ya Juma na farasi wake. Paukwa, pakawa, kisha anaingia: mzee na wanawe watatu, shamba linalokanyagwa usiku, wakubwa wawili wanalala kwenye lindo, mdogo wao anayeitwa mjinga anakesha na kumkamata farasi jike mweupe. Farasi, ili aachiwe, anampa Juma farasi wawili wenye manyoya ya dhahabu, na wa tatu ambaye hata sokoni wangemcheka: mfupi, masikio marefu kupita ya punda, nundu mbili mgongoni. Hao wawili uza ukitaka, anamwambia, lakini huyu wa tatu usimtoe kwa mtu yeyote, hata upewe nini. Nilikua nikiamini hadithi hiyo ni ya kwetu. Pangani hakuna farasi, lakini hadithi zetu zimejaa majini na masultani ambao pia sikuwahi kukutana nao.

Majira ya baridi yaliyopita, hapa Munich, binti yangu alikuwa na mafua na nikaazima maktabani filamu ya zamani ya baleti ya Kirusi, iliyopigwa mwaka 1961. Haikupita muda nikaanza kumwambia kitakachofuata. Sasa watamwibia wale farasi wawili. Sasa ataokota unyoya. Binti yangu akageuka: "Mama, kumbe ulishaiona?" Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeisikia mkekani, na Juma wetu pale kwenye kioo alikuwa Ivan.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia hadithi hii ilikopita, na nataka kuwaelezeni nilichokipata, kwa sababu wengi wetu tunaiogopa baleti. Tunadhani ni mali ya watu wa ikulu, dansi ya kutazamwa kwa miwani ya kushika mkononi. Hii imetoka shambani.

Aliyeiandika aliitwa Pyotr Yershov, mzaliwa wa kijiji cha Siberia karibu na mji wa Ishim. Mwaka 1834, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Saint Petersburg na umri wake miaka 19 tu, alitoa utenzi mrefu uitwao "Konyok-Gorbunok", yaani farasi mdogo mwenye nundu. Alitumia hadithi zilizokuwa midomoni mwa watu wa kawaida, kwa lugha yao, na mashairi yakatoka mepesi kiasi kwamba watoto wa Kirusi mpaka leo huyajua kwa moyo. Vipimo vyenyewe vimo: farasi ana urefu wa sentimita 13 hivi kwa hesabu ya leo, na masikio yake yanakaribia sentimita 71. Mfalme katika utenzi huo ni mzee mvivu, mroho, asiyejua kufanya lolote isipokuwa kuamuru, na mwisho wake ni kujitumbukiza mwenyewe kwenye sufuria linalotokota. Wakaguzi wa serikali hawakufurahi. Mistari ilikatwa, kisha kwa miaka kadhaa kitabu kikazuiwa kabisa, hadi kilipochapwa tena mwaka 1856. Yershov alikuwa amesharudi Siberia, mwalimu wa shule mjini Tobolsk. Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Dmitri Mendeleev, yule wa jedwali la elementi tulilokaririshwa kwenye kemia, ambaye baadaye alimwoa binti wa kambo wa mwalimu wake.

Hadithi ilipopanda jukwaani mara ya kwanza, mwaka 1864 huko Saint Petersburg, dansi iliundwa na Mfaransa, Arthur Saint-Léon, na muziki ukatungwa na Mwitalia, Cesare Pugni. Mfalme akageuzwa kuwa khan, mtawala wa nchi ya mbali, ili asifanane na yeyote aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Ilipendwa, ikachezwa kwa miongo. Lakini nikisoma habari zake naona kama bwana harusi aliyevalishwa suti ya kuazima: jina lake, nguo si zake.

Sasa tuje kwenye hii ya filamu, ambayo ndiyo iliyonishika. Katikati ya miaka ya 1950 kijana aitwaye Rodion Shchedrin, angali mwanafunzi wa muziki Moscow, aliombwa atunge upya muziki wa hadithi hii. Alikuwa mpenzi wa chastushka, nyimbo fupi za vijijini Urusi zenye vina na mzaha, ambazo watu hupashana mbele ya kinanda cha mkono, na aliyechomwa asipojibu ameshindwa. Mwenye kuujua mpasho wa taarabu ataelewa mara moja raha yake. Shchedrin alikwisha kuingiza wimbo wa namna hiyo kwenye muziki wake wa piano na okestra wa mwaka 1954, na ukiusikiliza muziki wa baleti hii utaona jinsi ngoma ya kijijini inavyochokoza okestra nzima, tarumbeta zikizozana na filimbi kama mawifi.

Muziki huo alimtunukia Maya Plisetskaya, mcheza dansi mkuu wa ukumbi wa Bolshoi, ambaye alimwoa mwaka 1958. Baleti ikafunguliwa hapo Bolshoi Machi 1960, dansi ikiwa ya Alexander Radunsky, ambaye kwenye filamu ndiye mfalme mwenyewe.

Plisetskaya ni Mwari wa Kifalme, msichana ambaye Ivan anatumwa akamlete kutoka miisho ya dunia ili mfalme mzee amwoe. Ukimtazama, angalia mikono. Miguu inafanya kazi yake, lakini mikono haina kifundo wala kiwiko. Wimbi linaanzia begani, linapita, linatokea kwenye ncha za vidole na kuendelea hewani. Binti yangu alisimama mbele ya kioo cha kabati kujaribu, akakuta kiwiko chake kinagoma.

Na mikono ile ina historia yake. Baba yake Plisetskaya alipigwa risasi na serikali ya Stalin mwaka 1938. Mama yake akachukuliwa pamoja na mtoto wake mchanga, akafungwa kambini Kazakhstan. Maya akalelewa na dada wa mama yake, mwenyewe mcheza dansi wa Bolshoi. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari nyota, bado alinyimwa ruhusa ya kusafiri nje. Wenzake walipokwenda London mwaka 1956 yeye aliachwa nyumbani. Ruhusa ilikuja mwaka 1959, kwa safari ya Marekani. Kwa hiyo nikimwona kwenye filamu hii ameletwa kwa amri mbele ya mfalme, anamzunguka yule mzee bila kumpa hata kidole, kisha anamtajia sharti, moyo wangu unakwenda mbio. Sisemi kwamba aliyeunda dansi alikusudia hivyo. Nasema aliyeicheza alijua maana ya kuwa mali ya mtu mwenye amri.

Ivan ni Vladimir Vasiliev, kijana wa miaka 21 hivi. Kucheza mjinga ni kugumu kuliko kucheza mwana wa mfalme, kwa sababu mwili uliofunzwa tangu utotoni kunyooka unatakiwa usahau kunyooka. Yeye anaupinda mgongo, anaiacha mikono ining'inie kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi, kisha, bila dalili, anaruka, na unatambua kwamba ujinga ule ni wa macho ya kaka zake tu. Farasi mwenye nundu anachezwa na Alla Shcherbinina, mwepesi kama cheche, haachi ubavu wa rafiki yake.

Unyoya nao. Ni wa ndege wa moto, unang'aa gizani, na katika utenzi farasi anamkanya Ivan asiuokote kwa kuwa utamletea balaa. Anauokota. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi pale mkekani tulimlilia Juma asiuguse. Lakini bila unyoya hakuna safari: mfalme anauona, anataka ndege mzima, kisha anamtaka Mwari, kisha pete iliyoko chini ya bahari. Mwari hamtaki mwanamume mzee. Ajichemshe kwanza arudi kijana. Mfalme anaona ni heri Ivan atangulie. Farasi, katika utenzi, anatikisa mkia, anachovya pua, anamnyunyizia rafiki yake mara mbili, anapiga mluzi. Ivan anaruka na kutoka amependeza. Mfalme anaruka na hatoki.

Kilichonikosesha usingizi ni kitabu kingine. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni. Sultani ana mtende, tende zinaliwa na ndege, wanawe wanalinda mmoja mmoja na wote wanasinzia. Wa mwisho, anayeshinda jikoni na ambaye baba hamhesabu, anakesha kwa kujitia changarawe mdomoni, anamkamata ndege, na anabaki na unyoya.

Nilimpigia mjomba simu. Alisoma uhandisi Moscow, katika chuo cha kimataifa kilichofunguliwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kupewa jina la Lumumba. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia kwamba Juma ni Ivan. Akakaa kimya kidogo, akitafuta mwaka. Kisha akasema ilikuwa bwenini, baridi imebana, kila mtu anasimulia cha kwao, naye akasimulia cha mtende na unyoya. Mrusi mmoja wa chumba chao akaruka kitandani, akasema hiyo yao, tena kuna farasi.

"Tukabishana mpaka alfajiri," mjomba akasema. "Wewe filamu yenyewe unayo hapo? Nitumie."