Soul Makossa: Upande wa Pili wa Santuri Uliotikisa New York

Chati ya muziki ya enzi za santuri ilikuwa orodha ya kila wiki iliyopanga nyimbo kwa kufuata mauzo ya santuri madukani na jinsi zilivyopigwa redioni, na kwa hiyo ilipima kile ambacho soko liliweza kukifikisha kwa mnunuzi, si kiu yote ya wasikilizaji. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika historia ya "Soul Makossa", wimbo wa Manu Dibango wa Kameruni, ambao mwaka 1973 ulifika nafasi ya 35 tu katika chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani, lakini ukahesabiwa miongoni mwa vibao vilivyoufungulia mlango muziki wa disko.

Dibango, mpiga saksafoni aliyezaliwa Douala mwaka 1933 na kupata elimu yake Ufaransa, alitunga wimbo wa kuhamasisha Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1972, ambalo Kameruni ilikuwa mwenyeji wake. Santuri ndogo za wakati huo zilikuwa na upande wa kwanza, uliobeba wimbo uliokusudiwa kuuzwa, na upande wa pili, ambao mara nyingi ulikuwa wa kujazia. Wimbo wa kandanda ulipewa upande wa kwanza, na "Soul Makossa" ukawekwa nyuma yake. Kameruni ilitolewa katika nusu fainali na Kongo-Brazzaville, na wimbo wa mashindano ukapita pamoja na mashindano yenyewe. Ule wa upande wa pili ulichanganya makossa, yaani muziki wa dansi wa Douala, na soul ya Wamarekani weusi: saksafoni ilitamba juu ya mdundo usiokatika, huku sauti nzito ya mtunzi ikizikatakata silabi za neno "makossa" na kuzirudia kana kwamba nazo ni ngoma.

Nakala chache ziliwahi kuvuka bahari, na moja ilipatikana katika duka la santuri la Brooklyn na David Mancuso, aliyekuwa akiandaa dansi za waalikwa katika makazi yake ya New York yaliyojulikana kama The Loft. Wachezaji walipoupokea, Frankie Crocker wa redio WBLS aliupiga hewani, na nakala zilizoagizwa kutoka Ufaransa zikaisha upesi. Kwa kuwa mahitaji yalikuwa makubwa kuliko santuri zilizokuwapo, vikundi kadhaa vilirekodi matoleo yao, na lile la kikundi cha Afrique likaingia chatini na kufika nafasi ya 47, ilhali kampuni ya Atlantic ilipata leseni na kulitoa toleo la Dibango mwenyewe. Nafasi ya 35, basi, ni sehemu tu ya mavuno, kwa kuwa wanunuzi waliutafuta wimbo mmoja katika santuri nyingi.

Zaidi ya namba hiyo, wimbo huu ulionyesha njia mpya, kwani kwa kawaida redio ndiyo iliyowaambia watu wacheze nini, na safari hii ukumbi wa dansi ndio ulioiambia redio ipige nini. Mwaka uliofuata, 1974, "Rock the Boat" wa Hues Corporation na "Rock Your Baby" wa George McCrae, nyimbo zilizopata nguvu katika kumbi za disko, zilishika nafasi ya 1 kwa kupokezana.

Silabi zile za Dibango zilirudi chatini kwa vinywa vya wengine: Michael Jackson alizitumia katika "Wanna Be Startin' Somethin'", wimbo wa kwanza wa albamu ya Thriller ya mwaka 1982, na Rihanna katika "Don't Stop the Music" wa mwaka 2007. Dibango, aliyefariki Machi 2020, alidai haki yake kwa wote wawili, na shauri lake na Jackson likamalizwa nje ya mahakama. Katika chati ileile iliyompa Dibango nafasi ya 35, Jackson alifika ya 5 na Rihanna ya 3.