Ashua Anasimama Wapi? Mama, Soko na Mandhari katika Kigogo

Aghalabu mtahiniwa anapoulizwa kuhusu usawiri wa mwanamke katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2022, humwaga sifa za Ashua: mlezi, mlalamishi, mpenda wanawe. Si makosa. Kasoro ni kwamba sifa hizo huelea hewani. Walimu wenzangu, tutangulize swali jingine: mama huyu anasimama wapi, na ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa hapo?

Soko la Chapakazi linafungwa kwa amri ya Majoka. Riziki inakatika, watoto wana njaa, na Ashua anajikuta ofisini kwa Majoka akiomba msaada. Ametoka mahali pa umma alipojitegemea, akaingia chumba ambamo mwenyeji ndiye mwenye kauli. Anaishia selini. Soko, ofisi, seli: mtahiniwa akifuata mandhari hayo matatu, atakuwa amepata ploti na maudhui kwa pamoja.

Mwanafunzi wa Migori au Homa Bay ana bahati hapa. Wenzake wengi wamelipiwa karo kwa beseni la omena. Mji wa Migori umejipanga kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Isebania, kwa hivyo wachuuzi, matatu na bodaboda hugombea ukingo mmoja wa lami; na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani hupita papo hapo. Homa Bay, mchuuzi wa samaki hufuata saa za ziwa, si za chekechea. Waulize wanafunzi: mtoto hunyonyeshwa wapi? Mama akienda msalani, nani hubaki na bidhaa? Watakujibu kabla hujamaliza. (Watakwambia pia kwamba sokoni huitwa Min Fulani, kwa jina la mtoto, umama wake haubaki nyumbani.)

Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Mchuuzi hana mwajiri. Anatozwa ushuru na kaunti, lakini kulipa ushuru hakumfanyi mwajiriwa wa kaunti. Kwa jicho hilo, malalamiko kuhusu uchafu wa Chapakazi mwanzoni mwa tamthilia si pambo la jukwaa: watu wanadai kile walichokwisha kukilipia.

Tahadhari moja. Nimesahihisha insha zilizoanza kwa Ashua zikaishia kuwa risala ya soko la kwao. Hazikupata alama, na zilistahili kukosa. Soko la nyumbani humfungua mwanafunzi macho tu. Ushahidi sharti utoke katika matini.

Jaribuni swali hili darasani: "Kufungwa kwa Soko la Chapakazi ni kumfungia mama mlango." Jadili kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo. (Alama 20)