Leseni ya mgeni ukanda wa dhahabu: Kijitabu kimoja hakitoshi

MGENI anayetua Mwanza na kukodi gari sasa anaweza kufika Geita bila kupanda kivuko, baada ya Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Safari imekuwa nyepesi, lakini masharti ya kushika usukani yako palepale, na wapo wanaoyafahamu baada ya kusimamishwa na trafiki.

Nyaraka inayotajwa zaidi ni kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho wengi hukiita "leseni ya kimataifa". Jina hilo linapotosha. Kibali hicho ni tafsiri tu ya leseni ambayo mtu alipewa kwao, na bila leseni yenyewe hakina kazi. Hutafutwa kabla ya safari, katika nchi iliyotoa leseni. Mtanzania anayekwenda nje hukiomba AAT, chama cha wenye magari nchini.

Viko vya aina zaidi ya moja. Kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1, na cha Mkataba wa Vienna wa 1968 huweza kufikia miaka 3. Anayekuja huku ni vyema aulize mapema ni kipi kinachokubalika.

Fundi wa kigeni aliyeajiriwa katika mgodi wa Geita au Bulyanhulu, wilayani Kahama, hayumo katika hesabu hii. Huyo ni mkazi, si mtalii, na anapaswa kutafuta leseni ya Tanzania, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa kushirikiana na polisi. Kibali cha kuendesha ndani ya uzio wa mgodi hakimsaidii nje ya geti.

Hatari kubwa zaidi iko barabara kuu itokayo Rusumo, kupitia Ushirombo, Kahama na Isaka. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, Tanzania kushoto. Dereva mwenye usukani wa kushoto akitaka kulipita lori hulazimika kwanza kutokeza gari katikati ya barabara ndipo aone kinachokuja mbele. Hakuna muhuri unaofundisha jambo hilo.

Ajali ikitokea, swali la leseni huhamia kwenye bima. Gari la kigeni huweza kuja na kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania iliendelea kuitambua hata baada ya kujitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Lakini dereva asiye na leseni halali huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa madai, na anayebaki akihangaika ni mwendesha bodaboda aliyegongwa Kahama, huku aliyemgonga akiwa ameshapanda ndege.